Foleni ya Miaka Mia Mbili

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano, Eduvigis Carmenate hupanda ngazi nne za jukwaa, huweka glasi ya maji kushoto kwake, kisha huwasha taa ndogo ya mezani. Huitazama ikiwaka kwa muda wa pumzi mbili au tatu, huizima, halafu huanza kusoma kwa mwanga wa dirisha. Taa ile haihitaji. Dirisha la nyuma yake ni kubwa kuliko mlango wa kanisa. Siku ambazo umeme haupo hubonyeza swichi hivyo hivyo, husubiri, hubonyeza tena kana kwamba anaizima, hukohoa kidogo, na kazi inaanza.

Yeye ni msomaji wa kiwanda cha sigara hapa kwetu Santa Rita del Llano. Wasokotaji mia moja na arobaini hukaa kwenye madawati yao kwa mistari kama wanafunzi, mikono ikikunja majani ya tumbaku, masikio yakiwa kwake. Asubuhi huwasomea gazeti, baada ya kahawa riwaya, na mchana chochote kilichopigiwa kura. Kwetu kila kitu hupigiwa kura. Wakikipenda wanachosikia hugonga meza kwa visu vyao bapa vya kukatia majani. Wasipokipenda huviangusha sakafuni. Aliyewahi kusimama pale juu na kusikia kisu kimoja kikianguka hasahau. Mimi nilikisikia mara moja, nikimsomea zamu yake alipokuwa na mafua, na mpaka leo napendelea kazi yangu ya kuandika kumbukumbu za vikao.

Juu ya saa ya ukutani kuna kanuni iliyopakwa kwa rangi nyekundu: Msomaji husoma kilichoandikwa. Haongezi, hapunguzi. Si pambo. Msomaji aliyemtangulia Eduvigis aliondolewa kwa kura kwa sababu aliwaozesha wapenzi wawili ambao mwandishi alikuwa amewaua. Wasokotaji walilia kwa furaha siku ya harusi ile. Wiki iliyofuata mmoja wao alikiona kitabu chenyewe kwa binamu yake, na bwana yule akarudishwa kwenye chumba cha kuchambua majani, alikokaa mpaka alipostaafu.

Eduvigis alichaguliwa mwaka 1993, mwaka ambao umeme ulikuwa mgeni. Mgao ulikwenda kwa mitaa, na mtaa wake ulikuwa kwenye laini moja na zahanati, kwa hiyo yeye alikuwa na umeme wakati wengine wana mishumaa. Jumapili saa tisa alasiri televisheni ilikuwa ikionyesha tamthilia ya sayansi ya kubuni kutoka nchi moja ya baridi, Wasafiri wa Mzunguko wa Saba, na karibu kiwanda kizima kilikuwa hakiioni. Basi wasokotaji wakapiga kura: msomaji mpya, aliyekuwa bado kwenye majaribio, aitazame Jumapili huku akiandika, na Jumatatu awasomee alichoandika. Alifanya hivyo kwa sehemu nane. Sehemu ya tisa iliitwa Foleni.

Sehemu hiyo Eduvigis anaipenda kuliko kitu chochote kilichowahi kuonyeshwa kwenye kioo, na atakueleza sababu hata kama umesimama na ndoo ya maji kichwani. Haina dubwana, anasema. Haina bunduki. Ina meli kuukuu ya angani iliyosimama kwenye foleni, mbele ya lango kubwa linaloelea peke yake kati ya nyota. Mbele yao kuna meli, nyuma yao kuna meli, taa zao zinapotelea mbali usipoweza kuzihesabu. Wamekuwa hapo miaka mia mbili. Kapteni Milva alirithi zamu kutoka kwa mama yake, na mama yake kutoka kwa mama yake, na hakuna anayekumbuka kinagawiwa nini. Kapteni wa kwanza aliacha kopo moja la matunda ya pichi, lifunguliwe siku watakayofika langoni. Kila asubuhi Milva anafagia korido, analipangusa kopo vumbi, anachungulia kama foleni imesogea. Katika nusu saa nzima ya mwanzo inasogea mara moja, kwa urefu wa meli moja, na mabaharia wanakumbatiana.

Kwa watu waliokuwa wakiamka saa kumi alfajiri kwenda kuuliza nani wa mwisho mbele ya duka la mikate, hii haikuwa sayansi ya kubuni. Walisikiliza bila kusokota. Mkuu wa kiwanda alitoka ofisini kuja kukemea, akabaki amesimama mlangoni.

Kisha Eduvigis akawasomea mwisho. Meli ya mbele inaondoka, zamu ya Milva inafika, lango linafunguka. Ndani hakuna ghala wala mgawaji. Kuna meli nyingine, kuukuu kama yao, na nyuma yake foleni inayotokea upande wa pili wa mbingu. Milva anauliza, kwa ile sauti ya mafua ambayo Eduvigis humsomea, kinagawiwa nini. Nahodha wa upande wa pili, mzee aliyeshika uma mkononi tayari, anasema: "Sisi tulidhani ninyi ndio mnaleta." Basi Milva anakwenda korido, anarudi na kopo la pichi, na wanakula wote wawili kwa uma mmoja, huku habari ikirudi nyuma meli kwa meli, pande zote mbili.

Visu viligonga meza mpaka vumbi la tumbaku likanyanyuka. Eduvigis alithibitishwa kazini siku hiyo hiyo kwa kura zote, na tangu hapo kila Jumatatu ya kwanza ya Agosti wasokotaji huomba Foleni, naye huisoma kutoka kwenye daftari lile lile la shule.

Sentensi ya mzee mwenye uma ilitoka kiwandani ikaenda mjini. Mkate usipofika, mwuza mkate huambiwa hivyo kabla hajafungua mdomo, au huwahi kusema yeye. Daktari mgeni alipofika zahanati akauliza dawa ziko wapi, muuguzi alimjibu hivyo, na daktari akadhani anatukanwa. Nereida Quiala, msokotaji mkongwe kuliko wote, mwenye miaka sabini na minane na ulimi ambao wakaguzi huuzunguka kwa mbali, aliichongesha kwenye jiwe la kaburi la mumewe. Marehemu alikuwa mpole, anasema, na huko alikokwenda lazima kuna mtu alimngoja na sahani tupu.

Iliwahi kutokea dereva mmoja wa lori kutoka mji mwingine akasema mkahawani kwamba aliiona sehemu ile na haikuishia hivyo. Watu walimwonea huruma. Walisema alisinzia.

Mwezi wa saba mwaka jana, Leovigildo Pentón alikuja kazini na flashi mfukoni. Leovigildo ni mkaguzi wa ubora: hupima unene wa sigara kwa pete ya shaba na huikataa moja kati ya kumi hata kama zote kumi ni nzuri. Mwaka 1993 naye aliwania kiti cha msomaji, akapata kura mbili. Mpaka leo hajui ya pili ilikuwa ya nani, na amekuwa mkarimu kwa watu wengi kwa sababu hiyo. Mkwewe anayeishi Valencia alikuwa ameipata tamthilia nzima na kumtumia. Leovigildo hakusema sana. Alisimama wakati wa kahawa, akaomba kwamba mwaka huu, badala ya kusomewa Foleni, kiwanda kiione, na baadaye ipigwe kura kama msomaji amekuwa akisoma kilichoandikwa. Alisema neno la mwisho akiitazama ile rangi nyekundu ukutani.

Ombi lilipita kwa urahisi. Nani angekataa kumwona Kapteni Milva?

Eduvigis alimaliza ukurasa wa riwaya aliokuwa nao, akanywa maji yote, jambo ambalo huwa halifanyi. Jioni aliniomba nimbebee daftari hadi kwake kwa sababu mkoba wake umejaa. Mkoba haukuwa umejaa. Njiani nililifungua. Kurasa ishirini na moja za mwanzo zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi zikikimbia na kupandana, maneno yamekatwa, pembeni kuna vishale. Ukurasa wa ishirini na mbili unaanza na maneno "lango linafunguka", kisha bluu inakoma. Kinachofuata, kurasa nne, ni penseli, mwandiko mzuri wa darasani, hakuna neno lililokatwa.

Nililifunga. Nilimkabidhi mlangoni, akanitazama, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Katika wiki mbili zilizobaki kufika Agosti nilimhesabia atakachopoteza. Alikuwa na miaka hamsini na sita, hajawahi kufanya kazi nyingine, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo kwa kufungua kurasa. Chumba cha kuchambua majani kilikuwa bado kipo. Taa ya mezani alianza kuiwasha mara mbili kila asubuhi.

Jumatatu ya kwanza ya Agosti, saa nne asubuhi, Leovigildo alipandisha televisheni jukwaani akaiweka mezani, mahali pa glasi. Eduvigis alikaa kwenye benchi chini, kati yangu na Nereida, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Nakiri kwamba niliomba umeme ukatike. Wiki ile ulikuwa umekatika kila siku, tena saa hiyo hiyo. Siku hiyo ulikaa imara kama wa nchi nyingine. Feni zote zilizunguka.

Taabu ilianza mapema. Kapteni Milva alipofungua mdomo, alikuwa na sauti nyembamba ya msichana wa redioni, kwa kuwa waliotafsiri na kutia sauti nakala hii walikuwa watu wengine kabisa. Mia moja na arobaini wakaguna. Nereida alitaka kujua mafua yamekwenda wapi. Leovigildo akaeleza kwamba hivyo ndivyo alivyo. Nereida akamwambia, kwa upole, kwamba yeye amemjua Kapteni kwa wiki mbili tu.

Baadaye walitulia, kwa sababu sehemu ile ni nzuri, na ilikuwa ni ile ile. Walifagia naye korido. Walitamka maneno yake kabla hajayatamka, midomo yote ikitembea, na televisheni iliporuka sentensi moja waliirudishia wenyewe. Foleni iliposogea kwa urefu wa meli moja, wanawake wa mstari wa tatu walikumbatiana. Eduvigis peke yake hakusema kitu. Alikuwa ameinama mbele, macho yamemtoka, na nilikumbuka kwamba yeye hakuwa akingoja tu kuhukumiwa. Alikuwa akingoja miaka ishirini na sita kujua lango likifunguka kuna nini.

Meli ya mbele ikaondoka. Lango likafunguka. Mwanga mweupe ukaanza kutoka, na kabla hatujaona chochote ndani, Milva akaweka mkono kwenye usukani, akasema kwamba aliyezaliwa huru hahitaji kupewa, akaigeuza meli. Muziki ukapanda. Meli ikaiacha foleni ikaenda zake kwenye giza, ndogo, ndogo zaidi, nukta. Majina ya waigizaji yakapita.

Kilianguka kisu kimoja. Kisha kumi. Kisha vyote, kwa mshindo ambao ulimfanya mlinzi wa getini aje mbio na rungu.

Leovigildo alinyoosha mkono kuomba utulivu. Alikuwa amevisikia visu vile kama mtu aliyesubiri kuvisikia miaka mingi. Alisema kiwanda kimejionea chenyewe, hakuna mzee, hakuna uma, na sasa ipigwe kura juu ya msomaji.

Eduvigis akasimama. Hakupanda jukwaani, alisema pale pale chini, na watu wa nyuma walilazimika kupitishiwa maneno yake. Alisema Leovigildo ana haki. Alisema Jumapili ile laini ya zahanati nayo ilikatika, lango likiwa ndiyo kwanza linafunguka, na kurasa nne za mwisho aliziandika mwenyewe mezani kwake kwa penseli. Alisema anaomba radhi, hasa kwa Nereida, kwa sababu ya jiwe.

Nereida alichukua muda kugeuka, kwa sababu ya nyonga.

"Mwanangu, ukutani pale pameandikwa nini?"

"Msomaji husoma kilichoandikwa."

"Na hizo kurasa za penseli, zimeandikwa au hazijaandikwa?"

"Zimeandikwa, mama, lakini..."

"Siku ile ulisoma ulichoandika, au ulibuni papo hapo mdomoni?"

"Nilisoma."

"Kila mwaka?"

"Neno kwa neno."

"Basi keti, unatuzibia." Akamgeukia Leovigildo. "Sasa wewe, baba. Huyu mwanamke wa kwenye kisanduku chako amekaa kwenye foleni miaka mia mbili. Amebakiza hatua. Anaondoka. Sawa, watu huondoka. Lakini umemwona akimwambia aliye nyuma yake?"

Leovigildo alisema hadhani kama hilo ndilo jambo.

Ndilo lilikuwa jambo. Ukumbi ulilipuka. Mtu haachi foleni bila kumwambia wa nyuma yake amfuate nani. Hata watoto wanalijua hilo. Sasa meli iliyokuwa nyuma ya Milva iko nyuma ya nani? Langoni watamwuliza, nani yuko mbele yako, naye atajibu nini, yule bibi aliyezaliwa huru? Mwanamume mmoja wa mstari wa tano alisema kwamba mambo hayo ndiyo yaliyomkosesha feni mwaka 2005. Mwingine alisema kapteni aliyefagia korido miaka yote ile hawezi kugeuka kuwa mtu wa namna hiyo ndani ya dakika moja, haiwezekani, na kwamba dhahiri waliotia sauti ndio walioharibu. Yule dereva wa lori alikumbukwa, na safari hii ilisemwa kuwa huenda hakusinzia bali alionyeshwa hiki hiki, maskini.

Leovigildo alikuwa bado amesimama kando ya televisheni. Alikuwa na orodha ya hoja mkononi, nilimwona akiikunja. Alirudisha picha nyuma kidogo kwa kitufe, akaitazama, akairudisha tena.

"Na kopo?" aliuliza, si kwetu hasa.

Alikigusa kioo kwa kidole.

"Kopo la pichi. Wamelionyesha mara sita, nimehesabu. Analipangusa, analipangusa. Kwa nini walionyeshe kama hawalifungui?"

Aliitazama mara ya tatu, meli ikiondoka na kopo lake ndani, halijafunguliwa. Kisha akaizima mwenyewe, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa akiwa ameshika pete yake ya shaba. Miaka ishirini na sita, kila Agosti, na yeye alikuwa ukumbini akisikiliza. Mkaguzi naye hula pichi.

Kura zilipigwa kabla ya chakula cha mchana. Kumbukumbu niliziandika mimi, na bado zipo kwenye faili la kiwanda kwa atakayetaka kuzisoma. Juu ya swali kama msomaji amesoma kilichoandikwa: ndiyo, mia moja na arobaini na moja, kwa kuwa mkaguzi aliomba ahesabiwe. Juu ya hoja ya ndugu Nereida Quiala, kwamba televisheni imeongeza mambo yasiyokuwepo na kupunguza yaliyokuwepo, kinyume cha kanuni: ndiyo, mia moja na thelathini, hapana kumi na moja. Kwa hiyo televisheni imeondolewa katika kazi ya usomaji. Imewekwa kwenye chumba cha kuchambua majani, ambako wanaitumia kwa mpira wa besiboli.

Alasiri Eduvigis alipanda ngazi nne. Glasi ilirudishwa mahali pake. Aliwasha taa, akaitazama, akaizima, akafungua daftari ukurasa wa ishirini na mbili, akasoma kurasa nne za penseli, kwa sauti ya mafua. Alipofika kwa mzee mwenye uma alinyamaza, na mia moja na arobaini wakaisema sentensi wenyewe. Leovigildo alikuwa akipima sigara karibu na dirisha. Alizipitisha zote.

Mimi na Eduvigis tulitoka pamoja saa kumi na moja. Yeye hutembea taratibu kwa sababu ya viatu, na mimi huwa sijui la kuanzia, kwa hiyo tulifika mpaka kona ya duka la mikate bila neno. Palikuwa na foleni. Aliuliza nani wa mwisho, mama mmoja akainua mkono, tukajipanga. Hapo ndipo nilipomwuliza kitu kimoja nilichotaka kujua mchana kutwa: kati ya miisho ile miwili, upi ni bora.

Alifikiri mpaka foleni ikasogea hatua moja.

"Wa kwao ni bora," alisema. "Ila wangu una pichi."